DJ akirudi kwao, kwao ni wapi?

Mwaka 1982, mwimbaji wa harusi wa Southall, magharibi mwa London, aliimba Kipunjabi juu ya mashine ya ngoma na kinanda cha umeme. Jina lake Mohinder Kaur Bhamra. Muziki ulitungwa na mwanawe Kuljit, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyezaliwa Kenya mwaka 1959 na kupelekwa Uingereza akiwa mdogo. Albamu wakaiita Punjabi Disco. Ilitoka, ikasikilizwa na wachache, ikazama. Ilikaa huko chini zaidi ya miaka 40, mpaka mwaka 2025 ilipotolewa upya na Naya Beat, lebo ndogo ya Los Angeles iliyoanzishwa na DJ Raghav Mani, mwenye asili ya India, pamoja na mwenzake Filip Nikolic. Sasa inachezwa na vijana ambao hata wazazi wao huenda hawakupata kuisikia.

Albamu hii inaharibu hadithi moja tamu ambayo magazeti ya Ulaya na Marekani yamekuwa yakiipenda. Hadithi inakwenda hivi: mtoto wa wazazi kutoka Bara Hindi amezaliwa Birmingham au New Jersey. Amekua na hip hop, ameona haya chapati za mama yake mbele ya wenzake shuleni, amekuwa DJ wa muziki wa watu wengine. Siku moja anafungua kabati la baba, anakuta santuri na kanda za filamu za Kihindi, machozi yanamlenga, na kuanzia usiku ule anapiga muziki wa "kwao". Wahariri wanaipenda kwa sababu ina mwanzo, mwisho, na picha ya kijana mwenye vipokea sauti shingoni.

Sina ugomvi na kijana. Ugomvi wangu ni na hilo kabati. Hadithi inataka tuamini kwamba urithi ulikuwa umetulia mahali fulani, katika kijiji cha Punjab au Gujarat, safi na mzima, ukingoja mtoto aliyepotea arudi. Wakati huo DJ wetu ameshika mkononi santuri iliyorekodiwa London na familia iliyopitia Nairobi, yenye mdundo wa disko la Wamarekani weusi na mashine zilizotengenezwa Japani. Kama hiyo ndiyo nyumbani, basi nyumbani kwenyewe kumejengwa safarini.

Southall yenyewe itazame kidogo. Karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, mji wa viwanda na mishahara midogo, uliopokea Wapunjabi kutoka India na kisha wenzao kutoka Kenya na Uganda. Mwaka 1976 kijana Gurdip Singh Chaggar alichomwa kisu akafa pale mtaani. Aprili 1979 wabaguzi wa National Front walikuja kufanya mkutano wao katikati ya mji, watu wakajitokeza kuwapinga, na mwalimu Blair Peach akauawa katika purukushani na polisi. Katika miaka hiyohiyo bendi ya Alaap ya Channi Singh ilikuwa ikichanganya dhol, ngoma ya Kipunjabi, na gitaa la umeme, na Mohinder Kaur alikuwa akiimba katika harusi ambako wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na uwanja wa kucheza ulikuwa wa wanaume. Yeye na wanawe waliwaita wanawake waje kati. Leo tunasema hayo ni "mila za Wapunjabi wa Uingereza". Siku ile yalikuwa ukaidi.

Halafu likaja jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam ataliona kama ndugu wa disko toto, ila lenye siri ndani yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Kihindi, Kipakistani na Kibangladeshi wa London, Birmingham na Bradford walikuwa na madansi ya mchana. Usiku hawakuruhusiwa kutoka, hasa wasichana. Basi waandaaji walikodi klabu saa ambazo kwa kawaida zilikuwa zimefungwa. Binti aliondoka nyumbani na sare ya shule, akabadilisha nguo chooni, akacheza bhangra ya Kipunjabi na rege na haus, na kabla ya magharibi alikuwa mezani anakula na wazazi kama aliyetoka darasani. Ma-DJ wa madansi hayo ndio waliojifunza kushona mdundo wa dhol na besi ya Jamaika bila uzi kuonekana. Hakuna aliyekuwa akitafuta mizizi. Walikuwa wakitafuta mahali pa kucheza.

Mwaka 2020 kundi la ma-DJ na wanamuziki vijana wa London lilijipa jina la madansi hayo, Daytimers. Agosti 2021 walipiga katika Boiler Room, onyesho linalorushwa mtandaoni, na seti ya Yung Singh, kijana mwenye kilemba aliyezamia muziki wa garage wa Kipunjabi wa miaka ya 2000, ikasambaa duniani kote. Mwaka 2024 tamasha la Glastonbury likawa na jukwaa lake la kwanza la wasanii wenye asili ya Asia Kusini, likiitwa Arrivals. Kwa tamasha lililoanza mwaka 1970, ni kuchelewa kwa namna yake.

Nimefurahi kwamba Daytimers walichagua jina hilo. Wangeweza kuchukua jina la raga ya muziki wa kale wa India, la mto, la mungu, la kiungo fulani cha pilau. Wakachukua jina la uongo mdogo ambao mama zao na shangazi zao waliwadanganya nao wazee wao. Huo ni urithi wa kweli, tena wenye tarehe na anwani.

Uingereza imewahi kupita hapa. Katikati ya miaka ya 1990 Talvin Singh alianzisha usiku wa Anokha katika klabu ya Blue Note, Hoxton Square, London. Huyu ni mzaliwa wa mashariki mwa London aliyekwenda India akiwa kijana kujifunza tabla kwa mwalimu wa jadi, akarudi na kuzifunga tabla zake kwenye mashine. Wenye muziki wa kale waliona anaichafua ngoma. Wenye klabu waliona analeta kitu kigeni. Mwaka 1999 albamu yake OK ilishinda tuzo ya Mercury. Mwaka mmoja kabla, wimbo wa bendi ya Cornershop unaomsifu Asha Bhosle, malkia wa nyimbo za filamu za Kihindi, ulishika namba moja Uingereza, lakini baada ya kufanyiwa remiksi na Norman Cook, DJ mzungu. Hina ikawa mikononi mwa masupastaa, sitar ikaingia kwenye matangazo ya biashara, na baada ya miaka michache kampuni za muziki zikahamia kwingine. Wasanii walibaki na jina la "Asian Underground", jina ambalo baadhi yao hawakulipenda hata siku moja, maana liliwaweka kapu moja mpiga tabla na rapa wa siasa kwa sababu tu wana rangi moja.

Ndiyo maana naogopa kidogo shangwe ya sasa. Soko linajua kununua utamaduni wa watu kwa msimu mmoja. Kipimo changu cha DJ aliyerudi kwao hakihusu idadi ya sitar kwenye seti yake wala shali aliyovaa. Ninauliza: anawajua waliopiga?

Chukua wimbo ambao hata harusi za Mombasa na Kampala umewahi kuzifikia, Mundian To Bach Ke. Ulitoka 1998, ukitengenezwa na Panjabi MC wa Coventry juu ya mdundo wa tamthilia ya Marekani, Knight Rider. Mwaka 2003 Jay-Z akaingiza mistari yake, dunia ikachizika. Muulize mtu yeyote anayeucheza ile sauti ya Kipunjabi ni ya nani. Ni ya Labh Janjua, mwimbaji wa India aliyefariki Mumbai mwaka 2015. Sauti yake ilizunguka kumbi za mabara yote, lakini jina lake halikusafiri nayo. DJ ambaye angelitaja kwenye kipaza sauti angekuwa amefanya kazi kubwa ya urithi kuliko mwenye kuchoma ubani jukwaani.

Au chukua Charanjit Singh. Alikuwa mpiga vyombo wa studio za filamu za Bombay, mmoja wa wale ambao majina yao hayaandikwi kwenye jalada. Mwaka 1982 alichukua mashine za Roland, zikiwamo TB-303 na TR-808, akazipigisha raga kumi juu ya mdundo wa disko. Watu wa India wakaipuuza. Miaka mitano baadaye vijana weusi wa Chicago wakaitumia mashine ileile ya TB-303 kuzaa acid house, bila kujua habari za mzee wa Bombay, na yeye bila kujua zao. Mholanzi Edo Bouman, mtafutaji wa santuri, aliikuta albamu hiyo Delhi na kuitoa upya mwaka 2010. Singh, akiwa na zaidi ya miaka 70, alipanda majukwaa ya Ulaya na mashine zake, akapigia watoto wa umri wa wajukuu zake. Alifariki 2015.

Magazeti yalitangaza kwamba acid house ilivumbuliwa na Mhindi. Si kweli. Chicago haikumsikia, na kuwanyang'anya vijana weusi wa Chicago kitu chao ili kumpa heshima mzee wa Kihindi ni kulipa deni kwa fedha ya jirani. Heshima ya Singh inamtosha bila nyongeza: alikaa na chombo kipya akakiuliza kama kinajua raga, kikajibu.

Niliposema urithi si safi nilikuwa na jambo zito zaidi ya mchanganyiko wa mashine. Bara Hindi liligawanywa 1947, na Punjab ikakatwa vipande viwili kwa damu. Muziki haukukubali kukatika vizuri. Disco Deewane, albamu ya 1981 iliyotikisa India na Pakistani kwa pamoja, iliimbwa na Nazia Hassan wa Karachi, binti ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameimba katika filamu ya India, Qurbani, akiwa na miaka 15 tu. Mtengenezaji wake ni Biddu, mzaliwa wa Bangalore aliyehamia London na ambaye tayari alikuwa ametengeneza wimbo wa Kung Fu Fighting mwaka 1974. Mpakistani, Mhindi, na London katikati yao. Leo msanii wa Pakistani hawezi kufanya kazi Bollywood bila zogo la kisiasa, lakini DJ wa Leicester anampiga Nazia baada ya Asha bila kuomba viza ya mtu. Huko ughaibuni ndiko urithi huo unakokaa ukiwa mzima zaidi kuliko nyumbani ulikotoka. Jambo la ajabu, lakini ndivyo lilivyo.

Zito jingine ni tabaka. Nyimbo nyingi za Kipunjabi zinazotingisha kumbi zinamsifu Jatt, mwenye shamba, bunduki na masharubu. DJ anayezipiga kwa fahari ya "watu wetu" anapaswa kujua kwamba "watu wetu" hao wana wenye ardhi na wasio nayo. Amar Singh Chamkila, mwimbaji aliyeuza kanda kuliko wengi katika Punjab ya miaka ya 1980, alitoka tabaka la chini la Dalit. Machi 1988 alipigwa risasi akafa pamoja na mkewe na mwimbaji mwenzake, Amarjot, walipofika kutumbuiza. Waliowaua hawakupata kuhukumiwa. Kurudi kwenu ni pamoja na kuikuta maiti hiyo mlangoni. Nawaheshimu ma-DJ wanaozisikiliza nyimbo zao kwa makini kabla ya kuzipiga, na wakati mwingine wanaamua kutozipiga.

Sasa tuje kwetu, maana deni letu katika habari hii ni kubwa kuliko tunavyokiri.

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Maelfu kadhaa walibaki, wakawa mafundi, makarani na wenye maduka, na tuliowaita kalasinga wakawa sehemu ya kila mji wenye gereji. Mwaka 1968 sheria ya Uingereza ilibana mlango kwa Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza, na wengi wakakimbilia London kabla haujafungwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90. Karibu 28,000 walipokewa Uingereza, ingawa halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije huko. Walikwenda. Leicester ya leo, na kumbi zake za harusi, na sehemu ya ma-DJ wake, ni matunda ya watu waliojua Kiswahili cha sokoni kabla ya kujua Kiingereza cha Leicester.

Kwa hiyo mtoto wa familia kama hiyo anapoulizwa kwao ni wapi, Punjab au Gujarat ni jibu la nusu. Bibi yake huenda hakuiona India mpaka uzeeni. Alichokiona ni Kisumu, Jinja, Tanga.

Nyimbo alizozisikia huko tulizisikia wote. Filamu za Kihindi zilijaza Majestic ya Zanzibar na Avalon ya Dar es Salaam, na waliokuwa wakilia kwenye viti walikuwa Waswahili, Waarabu na Wahindi pamoja. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za filamu hizo akaziimbia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mmoja wa washairi wakubwa wa pwani yetu. Tabla na kinanda cha Kihindi vikawa vyombo vya taarabu ya Mombasa, na duka la Assanand and Sons likarekodi na kuuza santuri za waimbaji wa pwani. Usha Uthup, mwimbaji wa India mwenye sauti nzito kama ya baba, aliishi Nairobi miaka ya 1970, akaimba Malaika jukwaani na kurekodi albamu hapo na bendi ya Fellini Five.

Kuna wakati watu wa asili hiyo walilazimika kujificha ili kupanda. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi, akasoma India, akafika Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, na dunia ikamjua kama Freddie Mercury, mtu ambaye hakupenda sana kuulizwa alikotoka. Tangu 2019 Mji Mkongwe una jumba la makumbusho lenye jina lake. Simlaumu, Uingereza ya wakati wake haikumwachia nafasi. Lakini linganisha na Yung Singh anayepanda jukwaani na kilemba chake na kupiga muziki wa yeyote amtakaye.

Kinachonikera ni kwamba huku nyumbani kurudi huku hakujaanza vizuri. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Makaratasi yalisainiwa, hotuba zikatolewa. Lakini Nairobi muziki wao bado unaishi kwenye stesheni yao, East FM, na muziki wetu kwenye zetu, kana kwamba Juma Bhalo hakuwahi kuwepo. Naota kumsikia DJ wa Parklands, Nairobi, au wa Upanga, Dar es Salaam, akifungua na Bhalo, akaunganisha na wimbo wa filamu uliompa tuni, akaingiza Alaap, akafunga na singeli. Hilo si jambo la kuleta wageni nyumbani.

Najua kuna wazee, Wahindi na Waswahili, watakaosema hayo ni kuharibu. Kwao taarabu ni taarabu na bhangra ni bhangra. Wakumbuke kwamba bhangra wanayoijua, ya kundi lililovaa sare likicheza jukwaani, ilipata umbo hilo India baada ya uhuru wa 1947, kutokana na ngoma za mavuno za vijijini. Iliyokuwa mpya ikawa ya kale mbele ya macho yao wenyewe.

Lakini DJ wa Parklands hawezi kupiga asichokipata. Punjabi Disco iliokoka kwa sababu nakala chache zilibaki mikononi mwa watu ambao hawakuzitupa. Kanda zetu hazina bahati hiyo: zimo kwenye maboksi ya madukani na stoo za familia, zinaliwa na unyevu wa pwani, nyingi hazina jina ila la mwimbaji. Kama unazo nyumbani, za harusi, za Bhalo, za bendi iliyopiga kwenye ukumbi wa jamatini au wa hekalu, usizitupe wakati wa kuhama. Zipeleke zikanakiliwe, na kabla ya hapo kaa na mzee wako umuulize nani alipiga tabla, nani kinanda, nani aliitikia, ukumbi gani, mwaka gani. Andika majina yote kwenye jalada.